Tuambieni walikuwa watu wangapi

Mhariri,

Magazeti yetu hupenda kuandika "utafiti umethibitisha", ila ni nadra kutaja walipimwa watu wangapi. Natamani waandishi wenu wamfahamu Jacob Cohen, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha New York aliyefariki mwaka 1998.

Mwaka 1962 Cohen alichapisha matokeo ya kazi ya kuchosha kwelikweli. Alipitia makala 70 za mwaka 1960 katika jarida moja la saikolojia la Marekani, akakokotoa kila utafiti ulikuwa na uwezekano gani wa kuibaini athari ambayo kweli ipo. Kwa athari ya ukubwa wa kati, wastani ulikuwa asilimia 48. Afadhali urushe shilingi! Kisa kikubwa ni sampuli ndogo, yaani watu waliopimwa walikuwa wachache mno. Ni sawa na mvuvi anayekwenda na wavu wa matundu makubwa, kisha anarudi ufukweni akiapa kwamba baharini hamna dagaa.

Ndiye pia aliyetuachia viwango vya 0.2 (ndogo), 0.5 (ya kati) na 0.8 (kubwa) vya kupimia ukubwa wa tofauti kati ya makundi mawili. Alionya visifanywe amri. Wanafunzi wengi tukavikariri kama jedwali la kuzidisha.

Kwa hiyo, habari ya utafiti ikija mezani kwenu, ongezeni mstari mmoja tu: watu wangapi, na tofauti ilikuwa kubwa kiasi gani. Neno "imethibitishwa" mnaweza kuliacha.

Msomaji wenu,
Morogoro