Si kila gita lenye skrubu nne ni Fender

Mhariri,

Salamu nyingi kutoka Lamu. Naomba nafasi ya barua manake kuna watu wanapita huku mitaani kununua vitu vya zamani, walianza na milango na masanduku na saa za ukutani, sa hivi wameingia kwa magita, na mmoja wao kamwambia ami yangu kwamba gita lake la umeme ni Fender, ile kampuni maarufu ya magita ya Marekani, eti kwa sababu shingo imefungwa kwa skrubu nne. Wiki ya pili akaja mwingine akasema hilo ni takataka, shika Sh3,000. Wote wawili hawakulifungua, walilitazama tu kama mtu anavotazama samaki ambaye hana nia ya kumnunua.

Gita lenyewe ami alilipigia kwenye bendi za hoteli kule Malindi miaka ya sabini. Limepakwa rangi ya mashua, ya buluu, mbele na nyuma, na kichwani halina jina.

Mimi pia nilikuwa sijui kitu, nikiri hapa. Mwaka jana nilimpelekea fundi mmoja, simtaji, skrubu zilikuwa zimeliwa na kutu la pwani, nikamwambia asafishe tu. Akafungua shingo, akapangusa, akatia mafuta ya cherehani, akafunga, likarudi safi kabisa ila nyuzi zimepanda juu, pale freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo) unapitisha kalamu chini yake, tukashusha daraja, pale nyuzi zinapolalia mwilini, mpaka likagusa mbao na bado. Ami akalishika dakika moja hivi akaniuliza, "I wapi karatasi yangu?" Nikadhani ni uzee. Kumbe ndani ya lile shimo shingo inapokaa alikuwa ameweka kipande cha paketi ya sigara kilichokunjwa mara mbili, ni kabari, na fundi alikiona uchafu akakitupa. Tukakata kingine kwa boksi la majani ya chai, ami akakiweka mwisho wa shimo upande wa pikapu, ile sumaku inayonasa sauti ya nyuzi, tukakaza, nyuzi zikashuka zenyewe. Unene wake haufiki kucha! Lakini ukiinua kitako cha shingo kidogo hivo kichwa kinalala nyuma, na nyuzi zinakaribia mbao.

Hapo ndo nikaanza kusaka habari za shingo usiku na mchana, mke wangu shahidi.

Shingo ya skrubu ndiyo hiyo, unaifungua na bisibisi, unatia kabari, ikiharibika unaibadilisha. Bwana Leo Fender, mwenye kampuni, alianza kuuza magita ya umeme ya mwili wa mbao tupu usio na uwazi ndani, yenye shingo ya namna hiyo, 1950, gita lake la Stratocaster likatoka 1954, na baada ya hapo dunia nzima ikaiga, kwa hivo skrubu nne hazithibitishi lolote. Kwanza Stratocaster nyingi za miaka ya sabini zina skrubu tatu. Fender ya miaka ya 1950 mara nyingi shingo ni kipande kimoja cha mbao ya mepo, na mgongoni ina mstari wa mbao nyeusi, pale walipopasua wakaingiza chuma cha kuzuia shingo isipinde halafu wakaziba.

Gibson, kampuni nyingine ya Marekani, wao wanagundisha. Gita lao la Les Paul la 1952 shingo yake ni mahogani, imeingia mwilini kwa gundi kama kiungo cha seremala, hapo kabari hakuna, pembe yake imeshapangwa kiwandani, na chuma chake unakikazia kichwani chini ya kifuniko kidogo. Mtu akikuletea Les Paul ya 1952 ina skrubu nyuma ya shingo mpe chai aende zake.

Ya tatu ndo inanipendeza mimi mtu wa Amu, shingo haiungwi kabisa, ni mbao moja inapita katikati ya mwili mpaka chini na mbavu zinagundishwa huku na huku, yaani mkuku wa jahazi kutoka omo mpaka tezi. Kampuni ya Rickenbacker walifanya hivo kwenye gita lao la besi la 1957, Gibson wakafanya kwenye Firebird 1963. Mafundi wa majahazi wa Matondoni wangewaelewa bila mkalimani.

Sasa la ami. Mgongoni hakuna mstari. Shingo ni vipande kadhaa vimegundishwa kwa urefu, na pale juu nyuzi zinapoanzia kuna freti ya ziada mbele ya freti ya kwanza. Nikakwangua ile rangi kwenye bamba la skrubu, nikasugua na ndimu na majivu, likatokea MADE IN JAPAN. Basi, si Fender na si takataka. Miaka ya sitini Wajapani kina Teisco, Guyatone na Kawai walitengeneza magita mengi sana, na kiwanda kimoja kilikuwa kinatia majina tofauti kichwani kulingana na nani anauza, hilohilo gita huku linaitwa hivi na kule vile. Ndo maana nasema jina la kichwani ni kitu cha mwisho kukitazama, na mafundi wetu tafadhali mkikuta karatasi kwenye kiungo ulizeni kwanza, na msimimine gundi pale penye skrubu.

La kwetu haliuzwi. Na kuhusu jina, kichwani kuna vitundu viwili ambapo palikuwa na kibandiko cha bati. Nilimuuliza ami kiliandikwa nini, akasema hakumbuki, kilikuwa kinamkwaruza kidole akakibandua akakitupa baharini.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu