Tafuteni hataza kabla ya kukata chuma

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie mafundi wa mashine, wanafunzi wa uhandisi na wenye viwanda vidogo. Kila msimu wa Sabasaba na Nanenane tunaonyeshwa mashine za kubangua korosho, za kukausha mboga na za kufua nazi, nazo hutangazwa kuwa ni uvumbuzi mpya. Mara nyingi wazo lenyewe lilikwisha kuchorwa, kuelezwa na kuchapishwa miaka mingi iliyopita, pamoja na kasoro zake. Inauma kuona kijana mwenye kipaji akimaliza mwaka mzima na akiba ya familia kulitafuta jibu ambalo angelisoma bure kwa simu yake.

Jibu hilo limo kwenye hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi (kwa Kiingereza patent). Anayepewa hataza hulindiwa uvumbuzi wake kwa muda ambao katika nchi nyingi hauzidi miaka 20 tangu siku ya maombi, na kwa kubadilishana na ulinzi huo hulazimika kueleza hadharani jinsi kitu chake kinavyofanya kazi. Ombi huchapishwa kwa kawaida miezi 18 baada ya kuwasilishwa. Espacenet, hazina ya mtandaoni ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, ina nyaraka zaidi ya milioni 150. PATENTSCOPE, ya Shirika la Haki Miliki Duniani lililoko Geneva, ina zaidi ya milioni 100. Ya tatu ni Google Patents. Zote tatu hazitozi hata senti.

Zamani kikwazo kilikuwa lugha ya nyaraka zenyewe. Wakili anayeandika hataza hapendi neno la kawaida, kwa sababu neno pana humlinda mteja wake zaidi. Anayetafuta "cashew" peke yake atakosa hati inayosema tu "tunda lenye ganda gumu na umbo la figo". Zana za sasa zenye akili bandia hugeuza maelezo kuwa safu ya namba zinazobeba maana, kisha huleta hati zilizo karibu kimaana hata kama hazitumii neno lako hata mara moja. Hapo ndipo fundi wa Mtwara asiye na wakili anapopata nafasi aliyokuwa hana.

Lakini zana hizi hulipa kadiri ya swali. Kosa kubwa ni kuielezea mashine nzima kwa mkupuo. Tuchukue ubanguaji wa korosho. Korosho ghafi hazilingani ukubwa. Kisu kilichopangwa kwa korosho ya milimita 22 hakifiki ganda la ile ya milimita 18, na kilichopangwa kwa milimita 18 hukata karanga (kiini) ya ile kubwa. Ndani ya ganda kuna mafuta yanayounguza mikono na kuchafua karanga. Mvuke hulifanya ganda liwe rahisi kupasuka, ila ukizidi karanga hubadilika rangi. Na karanga ikivunjika, bei imeshuka: daraja la WW320, yaani karanga nzima nyeupe 300 hadi 320 katika ratili moja, halilingani na vipande. Kwa hiyo maswali ni manne tofauti: kupanga korosho kwa ukubwa, kuilaza kila moja upande unaotakiwa, kukata ganda, na kutenganisha karanga na maganda. Kila moja litafutwe peke yake.

Kwa kila swali andika aya ya maneno 80 hadi 150 yenye mambo matatu: tatizo ni nini, kifaa kinafanyaje, na matokeo yanayotakiwa. Iandike kwa Kiingereza, hata cha kuungaunga, kwa kuwa nyaraka nyingi zina angalau muhtasari wa Kiingereza. Kiswahili bado hakisaidii hapa, na hilo ni pengo ambalo vyuo vyetu vya lugha na kompyuta vingeweza kulifanyia kazi. PATENTSCOPE ina huduma inayochukua neno lako, ikalitafutia visawe, kisha ikatafuta kwa lugha nyingine pia, zikiwemo Kichina na Kireno. Kireno usikidharau: Brazil ndiko mkorosho ulikotoka, na wahandisi wake wamehangaika na ganda hili kwa muda mrefu.

Ukipata hati mbili tatu zinazokaribia, acha maneno uhamie kwenye namba ya uainishaji. Kila hati hupewa namba kulingana na kinachofanyika, bila kujali lugha iliyoandikiwa. Mashine za kubangua, kufua na kupasua njugu za aina zote zimo A23N 5/00. Za kukausha na kukaanga ziko A23N 12/08. Vikaushio kwa jumla viko F26B. Ingiza namba hiyo Espacenet pamoja na neno moja tu, na hati ambazo maneno hayakuzifikia zitajitokeza. Kisha angalia zilizotajwa ndani ya hati uliyoipata, na zile zilizokuja baadaye zikaitaja. Kwa njia hii ya kurudi nyuma na kwenda mbele, hati moja nzuri huzaa ishirini. Anza na michoro, kisha sehemu ya mwanzo inayoeleza upungufu wa mashine zilizotangulia. Sehemu hiyo ni hazina: mvumbuzi anaorodhesha bila kificho kilichoshindwa kwa wenzake na kwa nini.

Linabaki swali la sheria, na hapa wengi huogopa bila sababu au hujiamini bila sababu. Hataza hulinda katika nchi ilikosajiliwa tu. Fungua orodha ya familia ya hataza hiyo, yaani hati za uvumbuzi uleule katika nchi mbalimbali, utazame herufi mbili za mwanzo za kila namba: TZ ni Tanzania, KE ni Kenya, na AP ni ARIPO, shirika la haki miliki la kanda ya Afrika lenye makao Harare. Ikiwa familia nzima ni CN na IN tu (China na India), na muda wa kuongeza nchi umepita, uvumbuzi huo haujalindwa Tanzania na unaweza kuutumia hapa. Ukiona AP, tafuta ni nchi zipi zilizotajwa na kama ada ya kila mwaka bado inalipwa. WO maana yake ni ombi la kimataifa, na mwenyewe huwa na miezi 30 au 31 kuamua aingie nchi zipi, kwa hiyo WO changa isikupe usingizi. Kabla ya kuwekeza fedha nyingi, thibitisha kwenye ofisi ya hataza ya nchi: BRELA, au KIPI kwa walio Kenya.

Tena, ukivusha mashine hiyo Ruvuma kwenda kuiuza Msumbiji, hesabu inaanza upya kwa sheria za huko. Na linalopima kama umeingilia haki ya mtu ni madai, yaani sehemu inayotaja kinacholindwa, ambayo mara nyingi iko mwishoni mwa hati. Muhtasari na michoro havitoshi. Soma dai la kwanza neno kwa neno. Kwa kawaida kifaa chako kinaingia kwenye dai pale tu kinapokuwa na kila sehemu iliyotajwa humo.

Hataza iliyokwisha muda nayo si cheti cha ubora. Dalili ninayoiamini ni ada: mtu aliyelipa ada za kila mwaka kwa miaka 15 yaelekea mashine yake ilikuwa inamwingizia kitu. Aliyeacha baada ya mitatu, jiulize sababu. Tena tarajia kwamba aina ya chuma na vipimo kamili vya nafasi kati ya visu mara nyingi havitatajwa. Hayo ni ya karakana.

Zana zenye akili zina makosa yake ya kila siku. Namba huzichanganya: ukiandika milimita 18 zitakuletea na 80. Ukikanusha, hazisikii vizuri. "Bila mvuke" huleta mashine za mvuke. Programu za kuzungumza nazo ni hatari zaidi, maana zinaweza kutaja namba ya hataza isiyokuwepo, kwa sauti ya uhakika kabisa. Kila namba ifunguliwe Espacenet kabla haijaingia kwenye andiko. Na uvumbuzi ambao bado ni siri usibandikwe mzima kwenye programu ya bure; uliza kwa tatizo, suluhisho lako libaki daftarini. Vilevile, katika nchi nyingi kuonyesha mashine kwenye maonyesho kabla ya kuwasilisha ombi huua upya wake kisheria. Tangulia kuwasilisha, ndipo ukapange banda.

Kwa COSTECH, VETA na vitivo vya uhandisi nina ombi moja. Mradi wa mwaka wa mwisho au ombi la ruzuku ya ubunifu lisipokelewe bila kumbukumbu ya utafutaji ya kurasa mbili: maneno yaliyotumika, namba za uainishaji, tarehe ya kutafuta, hati tano za karibu zaidi pamoja na hali yake kisheria, na aya moja inayosema mradi huu unaongeza nini juu ya hizo tano. Ni kazi ya siku mbili kwa mwanafunzi aliyeelekezwa vizuri. Msimamizi naye afungue walau hati mbili kati ya hizo mwenyewe, aone kama zinasema kilichoandikwa.

Msomaji wako,
Mtwara