Kwa wazazi wa watoto wanaouliza "Hapa pameandikwa nini?"

Wanangu mnaolea,

Nawasalimu nyote. Nilifundisha darasa la awali hapa Tanga hadi nilipostaafu, na leo nawaandikia ninyi wenye mtoto wa miaka minne ambaye tayari anasoma maandishi ya daladala na mkono unamuwasha kuandika. Wengi mnaniuliza kama mumnunulie madaftari ajaze kurasa.

Nawaomba msifanye hivyo. Mimi nilifanya. Nikiwa bado mgeni kazini, nilimpa mtoto mmoja mwepesi kuelewa kurasa nzima za herufi "a", nikiamini anayeweza aongezewe. Haikupita wiki mbili akaanza kuificha penseli, na kosa lile linaniuma hadi leo. Akili yake ilikuwa mbele, lakini vidole vilikuwa vya umri wake. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo minane, na katika umri ule baadhi yake bado ni gegedu, haijakomaa kuwa mfupa mgumu. Mkono wa namna hiyo hukomazwa na mdako, kutunga shanga, kukanda unga wa chapati na kuchora mchangani kwa kijiti.

Maria Montessori, daktari wa Kiitalia aliyefungua shule ya wadogo iliyoitwa Nyumba ya Watoto mtaa wa San Lorenzo, Roma, mwaka 1907, aliwapa watoto herufi za karatasi ya msasa wazipapase kwa vidole. Wakaanza kuandika kwa chaki kabla hawajajua kusoma vitabu. Msasa upo kila duka la vifaa vya ujenzi. Kata herufi tano za irabu, anza nazo.

Kisha mpe sababu ya kuandika. Mjukuu wangu alifungua duka barazani, akaandika kwenye boksi: MADAZI 200. Sikumsahihisha. Nilinunua moja, nikamwomba risiti. Alipoandika mara ya pili alilitamka neno polepole, akasita kwenye "nda", akachomeka N mwenyewe: MANDAZI. Ile "a" nyingine itakuja. Kiswahili kimetupendelea: irabu tano tu, kila moja na sauti yake, hivyo mtoto anayesikiliza vizuri anaweza kuandika neno ambalo hakuna aliyemfundisha. Akiandika GOMBE badala ya NG'OMBE, amesikia karibu yote. Hiyo "ng'" ni ngumu hata kwa wakubwa.

Mchezo wa hospitali unataka cheti cha dawa. Safari ya basi la viti vya jikoni inataka tiketi. Akichoka, mwacheni akacheze kombolela, wala msimwite mbele ya wageni aandike jina lake ili asifiwe.

Walimu wa awali, nanyi nawaomba: mtoto akifika kwenu anaandika tayari, msimrudishe kwenye mazoezi ya kuchora mistari ya vijiti na vikombe. Mwacheni aandike orodha ya waliokuja leo.

Vikaratasi vyake msivitupe. Andikeni tarehe nyuma, muweke kwenye bahasha.

Bibi yenu,
Mwalimu mstaafu, Tanga