Majina yao yako wapi pale Kenyatta Avenue?

Kwa Mhariri,

Mimi ni mtu wa mguu. Kila asubuhi natoka Kariokor nakata Racecourse Road naingia River Road, natokea Tom Mboya, halafu ni Kenyatta Avenue yote mpaka Uhuru Park na ule mlima wa Upper Hill mpaka kazini. Na hiyo miaka yote nimezoea kitu kimoja, kusoma mji. Nairobi imeandikwa kila mahali. Ukuta unakwambia Usikojoe Hapa na bado watu wanakojoa, ndani ya mathree kuna stika inakwambia mzigo wako ni macho yako, geti nalo ni Mbwa Kali. Shuleni tulifundishwa ni mbwa mkali lakini mji mzima ulishakubaliana ni kali, na mimi naona sawa tu, lugha ni ya wenyewe. Ukitoka nje kidogo huko kwa maploti unapata Shamba Hili Haliuzwi, na mgeni atashangaa mbona mtu anatangaza kitu hauzi, lakini sisi tunajua, matapeli wanaweza kukuuzia shamba lako wewe ukiwa umeenda ocha wiki mbili tu.

Sasa mwezi uliopita mtoto wa dada yangu alikuja kututembelea kutoka Kitui, yuko gredi ya sita, nikampeleka tauni Jumamosi. Tukaona sanamu ya Tom Mboya pale Moi Avenue, na wale heroe chini yake, nikamwonyesha ni karibu na hapo alipigwa risasi mwaka wa 1969. Tukaona Kimathi na bunduki yake. Halafu tukafika kwa wale watu watatu wa shaba wa Kenyatta Avenue, na hapo ndio nataka tuongee.

Mhariri, mimi hapo nimepita labda mara elfu. Watu wengi tunapaita tu kwa askari, ni mahali pa kungojeana, unaambia mtu nipate pale kwa sanamu basi. Yule mtoto akasimama akaanza kusoma ile maandishi pole pole kwa sauti vile wanasomanga darasani, kwa sababu iko na Kiswahili pia, Kiswahili cha 1928, na Kiarabu na Kizungu. Inasema ni ukumbusho wa askari Waafrika waliopigana ile vita ya 1914 mpaka 1918, na wapagazi ambao walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwisho inasema ukipigania nchi yako, hata ukifa watoto wako watakumbuka jina lako. Akamaliza, akazunguka upande wa pili, akarudi, akaniuliza, "Anko, sasa majina yao yako wapi?"

Nilizunguka na mimi. Hakuna. Hakuna jina hata moja pale.

Hilo swali limenikalia mpaka leo. Kwa sababu mimi naishi Kariokor na hilo jina lenyewe limetoka kwa hao wapagazi, Wazungu walikuwa wanaita lile kundi Carrier Corps na wazee wakalitamka vile mdomo ulikubali, Kariokoo, Kariokor. Watu wanajua Kariokor ni vyondo na nyama choma. Wengi wa wale watu walichukuliwa kwa lazima, walibeba unga na risasi kichwani wakifuata jeshi mpaka Tanganyika, na wengi hawakuuawa na risasi, waliuawa na njaa, malaria na kuhara. Mwaka wa 2021 ile tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakubali yenyewe kwamba maelfu na maelfu ya Waafrika wa hii Afrika Mashariki hawakuandikwa majina popote, wakati Mzungu aliyekufa vita hiyo hiyo alipewa jiwe lake na jina lake. Waliomba msamaha. Lakini pale Kenyatta Avenue hakuna kitu kimebadilika, na msamaha bila jina mimi naona haujamfikia mwenyewe.

Sitaki sanamu itolewe, hapana, wacha ikae. Ninachoomba kaunti na watu wa makumbusho ni kibao kando, kwa Kiswahili cha leo, kinachosema hao walikuwa nani, walichukuliwaje, na mbona Kariokor inaitwa Kariokor. Na majina yale yanayoweza kupatikana yaandikwe hapo.

Na wewe Mhariri nakuomba kitu kidogo. Gazeti lako linasomwa Machakos, Kisumu, Murang'a, Pwani mpaka Taveta, na najua kuna nyumba ambazo bado kuna shosho au guka anakumbuka akiambiwa na babake kwamba fulani alienda Kariokoo na hakurudi. Tupatie nafasi kwa hii kurasa ya barua, hata kama ni pembe ndogo, watu watume jina la huyo mtu na kijiji chake tu. Yule mtoto anarudi likizo ya Agosti na ameshaniambia tutapita pale tena.

Msomaji wako,
Kariokor, Nairobi