Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kabla hamjachora hospitali nyengine

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Mimi ni muuguzi hapa Pemba. Sikuandikii habari ya mshahara, hiyo ina siku yake. Nakuandikia habari ya milango na madirisha.

Korona ilipoingia Zanzibar, Machi 2020, wodi yetu ilikuwa na mlango mmoja. Mgonjwa aliingilia hapo, chakula kilipita hapo, maiti ilitolewa hapo, na sisi tukatokea hapo hapo. Chumba cha kubadilishia nguo hakikuwepo. Magauni ya kujikinga na maradhi tulivulia stoo ya ndoo na mafagio, wawili wawili, kiwiko changu kwenye mgongo wa mwenzangu. Na kuvua kuna hatari kuliko kuvaa, maana uchafu wote uko nje ya gauni. Chai tulinywea kwenye ngazi, mmoja juu, mmoja chini. Nikifika nyumbani nakoga uani kwanza, wanangu wananichungulia dirishani kama mgeni.

Madirisha ya wodi yalikuwa yamepigwa misumari ili baridi ya kiyoyozi isitoke. Lakini viyoyozi vile vya ukutani haviingizi hewa mpya. Vinaipoza na kuizungusha ile ile aliyoikohoa mgonjwa. Umeme ukikatika ndiyo basi tena: jasho linajaa ndani ya glavu mpaka vidole vinakunjamana.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unataka wodi inayotegemea hewa ya dirishani ipate lita 60 kwa sekunde kwa kila mgonjwa, na 160 kwa wenye maradhi yanayoenea kwa hewa. Wazee wetu hawakuusoma, lakini walijenga dari ya juu na madirisha yanayotazamana, kaskazi ipite, kusi ipite.

Hospitali mpya za wilaya tumeziona, na tunashukuru. Ombi langu ni kuwa ramani ijayo, kabla haijapigwa muhuri, aitwe muuguzi wa zamu ya usiku pamoja na mtu wa usafi, waulizwe: gauni utalivulia wapi? Utakoga wapi? Utakaa wapi dakika kumi bila barakoa?

Na kwetu hapa, ile stoo ina ukuta unaotazama nje. Fundi akitoboa mlango mmoja tu, tutaingilia huku na kutokea kule. Misumari ya madirisha tutaing'oa wenyewe, tukipewa ruhusa.

Wabillahi tawfiq.

Muuguzi, Pemba