Mwanangu, anza na pembeni

Mwanangu,

Juzi uliponitumia ile picha ya umati nikakuuliza kama una hakika nayo, ulinijibu, "Mama, si unaona mwenyewe?" Nikanyamaza. Wewe ukadhani nimekubali, kumbe nilikuwa natafuta namna ya kukujibu bila kukuhutubia, na kwenye simu jambo hilo hunishinda. Ndiyo maana nakuandikia. Naam, naona. Tatizo langu ni kujua ninachokiona ni nini.

Nikuhadithie kwanza picha moja kongwe niipendayo. Mwaka 1838 Louis Daguerre alielekeza kamera yake kutoka dirishani, jijini Paris, akapiga barabara iitwayo Boulevard du Temple. Ilikuwa barabara ya pilikapilika. Lakini ukiitazama picha yenyewe unaona majengo, miti, na njia tupu kana kwamba wakazi wote wamehama usiku. Ukiisogelea ndipo unamgundua mtu mmoja pembeni, kasimama, mguu kaunyanyua. Wengine wako wapi? Walikuwepo, na magari ya farasi yalipita. Ila lile bamba la shaba lililopakwa fedha lilihitaji dakika kadhaa kunasa mwanga, na mtu anayetembea hakai mahali pamoja muda wa kutosha kuacha alama. Yule mmoja alibaki kwa sababu, kama inavyoaminika, alikuwa anasafishiwa viatu. (Tena picha za aina ile zilitoka zimegeuka kama kwenye kioo, kulia kukawa kushoto.)

Hakuna aliyedanganya hapo. Daguerre hakufuta mtu. Hata hivyo, anayeitazama bila kujua ilivyopigwa ataapa kwamba siku ile mji ulikuwa mahame.

Siku hizi mambo yamegeuka. Kamera ya simu yako hunasa kipande kidogo mno cha sekunde, kidogo kuliko jicho lako linavyoweza. Ndiyo maana mtu anayehutubia akipigwa wakati anapepesa macho huonekana amesinzia, na mwingine anayetamka neno tu huonekana anafoka. Waliokuwa mbele yake hawakuiona sura hiyo kamwe. Kamera peke yake ndiyo iliyoiona. Ukiletewa picha ya mtu usiyempenda akiwa na sura mbaya, jiulize ni picha ngapi zilipigwa dakika ileile na nani aliichagua hii.

Sasa nirudi kwenye umati wako. Aliyepiga alisimama mbali sana, akavuta kwa lenzi ndefu. Ukisimama mbali, tofauti kati ya mtu wa mbele na wa nyuma huwa ndogo, vichwa vinakaribiana ukubwa, na nafasi zilizo katikati humezwa. Watu mia tatu waliojipanga wakiachiana hatua mbilimbili wanaweza kuonekana wamebanana. Angepanda juu akapiga kuelekea chini, ungeona ardhi katikati yao. Sisemi watu walikuwa wachache, maana hata mimi sijui. Nasema picha ile haiwezi kukujibu swali la idadi, na wewe ndilo ulilotaka likujibu. Halafu tazama vivuli: ni virefu kuliko watu wenyewe. Maelezo yaliyokuja nayo yanasema ni saa sita mchana. Jua la utosini lina vivuli vya namna hiyo?

Hayo maelezo ya chini ndiyo huniogopesha kuliko lenzi. Tukishayasoma, macho yanageuka kuwa mashahidi wa upande mmoja. Mimi nina tabia ambayo babako huicheka: nikifungua gazeti, nayafunika maelezo kwa kidole, natazama picha kwanza, najisemea ninachokiona. Mwanamke ameshika kichwa. Basi. Sijui kama analia, anafikiri, au kichwa kinamuuma. Kisha naondoa kidole. Mara nyingi nagundua kwamba huzuni yote ilikuwa kwenye maandishi.

Na usidhani uongo ni wa zama za kompyuta. Mwaka 1855, kwenye vita vya Krimea, Roger Fenton alipiga picha mbili za bonde lilelile, kamera ikiwa mahali palepale. Katika moja, mizinga imetapakaa barabarani. Namaanisha zile tufe za chuma zinazorushwa na mizinga. Katika nyingine barabara ni safi, na tufe ziko kwenye mtaro. Ipi ilitangulia? Watu walibishana kwa kukisia tabia ya Fenton, hadi mtengeneza filamu Errol Morris na wenzake walipoziweka picha hizo pamoja na kukagua vijiwe vidogo vya mtelemkoni, ambavyo hakuna aliyewahi kuvijali. Katika ile yenye tufe barabarani, vijiwe vimeporomoka chini kidogo, kama vilivyopigwa teke na watu waliokuwa wakipita. Barabara safi ndiyo iliyotangulia. Nani alizihamisha tufe, na kwa nia gani, vijiwe havisemi. Napenda kwamba jibu lilipatikana pembeni, mahali ambapo mpiga picha hakukusudia utazame.

Pembeni, mwanangu. Anza huko. Jicho linakimbilia uso ulio katikati kwa sababu mpiga picha amelitegea hapo. Mwezi Machi 1936, huko Nipomo, California, Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja maskini akiwa na watoto wake chini ya hema. Umeiona, dunia nzima imeiona. Kwenye pembe ya chini kulikuwa na kidole gumba kilichoshika mti wa hema, na baadaye Lange akaona kinamharibia picha, kikafutwa. Jina la mama hakuliuliza. Ilipita miaka zaidi ya 40 ndipo watu wakajua kwamba anaitwa Florence Owens Thompson, naye mwenyewe hakuwa na furaha na umaarufu ambao haukumpa hata senti. Uso wake ulizunguka dunia bila yeye.

Kabla hujamhukumu Lange, nikiri langu. Ile picha yako ya utotoni iliyoko sebuleni, unacheka umeinua mpira juu, ambayo kila mgeni huisifu: niliikata mimi. Upande wa kulia alikuwepo kaka yako, amekaa chini analia, kwa sababu mpira ule ulikuwa wake na wewe ulikuwa umemnyang'anya dakika hiyohiyo. Nilitaka picha ya furaha, nikachukua mkasi. Yeye anakumbuka. Muulize.

Kuhusu hizi picha zinazotungwa na kompyuta sina mengi. Kuhesabu vidole vya waliomo kulisaidia zamani kidogo, maana mashine zilikuwa zinakosea idadi, sasa zimejifunza. Tafuta ilikoonekana kwanza na nani aliyeileta. Ikikosa mwenyewe, iache ikae.

Ndani ya bahasha nimekuwekea picha moja. Ni mimi, kabla hujazaliwa. Nyuma sikuandika chochote, wala tarehe. Niandikie unachokiona kwanza, kisha ukurasa mwingine uandike unachokidhani, usivichanganye. Utakuta mkono begani mwangu ambao mwenyewe hayumo kwenye picha. Usinipigie simu kuniuliza ni wa nani. Tazama saa iliyo kwenye ule mkono, tazama na mimi nimeegemea upande gani, halafu andika.

Mimi mama yako