Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni wa Heshima: Tunaomba Kabati

Mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, mwenyekiti wa bodi ya shule pamoja na wanabodi, walimu wetu, wazazi, wanafunzi wenzangu: hamjambo?

Daktari, karibu nyumbani. Tumeambiwa ulisomea katika maabara hii hii, na kwamba sinki la kona lilikuwa likivuja tangu enzi zako. Linavuja bado. Mimi ni katibu wa Klabu ya Sayansi, na kwa niaba ya wanachama 42 nakushukuru kwa kuacha shughuli zako siku ya Ijumaa ukaja kutusikiliza hapa Kisumu.

Ada ya risala ni kuanza na historia, kisha mafanikio, kisha changamoto, halafu maombi mwishoni wakati mgeni ameshachoka. Mwalimu wetu mlezi amenipa dakika kumi, na namwona ameshika saa. Historia ya klabu tumeibandika ukutani, utaisoma wakati wa chai. Mimi nitaanza na ndoo.

Ndoo yenyewe ilikuwa ya mama mmoja muuza samaki pale Dunga, kando ya Ziwa Victoria. Jumamosi moja mwaka jana tulimkuta akichambua omena, yaani dagaa, na kila alipokuta kijisamaki kisicho omena alikitupa ndani ya ndoo. Tukamwomba atuuzie. "Hao ni fulu tu," akasema, "chukueni bure." Tukawamwaga kwenye karai na kuwahesabu: 31. Ukiwa umesimama uliona rundo la vitu vya kijivu vyenye urefu wa kidole. Tulipochuchumaa mambo yakawa mengine. Mmoja alikuwa na wekundu ubavuni, mwingine ubluu wenye mistari ya wima, wa tatu midomo minene kama aliyeumwa na nyuki, wa nne taya la chini limetokeza mbele. Baadhi ya madume walikuwa na madoa ya manjano kwenye pezi la chini ya tumbo, mviringo kabisa, mfano wa mayai. Jike mmoja alikuwa na kidevu kilichovimba. Mwenzetu alipomfungua mdomo, mayai yakamwagikia kiganjani mwake, kwa maana fulu hulea mayai yake mdomoni. Yule rafiki yetu hajala samaki tangu siku hiyo, lakini hilo ni jambo lake.

Mama alipoona tumeinama muda mrefu akaja kuinama nasi. Huyu, akatuonyesha, wavuvi humpata kwenye mawe. Huyu yuko kwenye matope. Huyu ukimkaanga ni mifupa mitupu. Jina alikuwa nalo moja, fulu, lakini kichwani alikuwa na mafungu matatu, na kila fungu alilijua kwa makao yake na umbo lake. Daktari, sisi tulidhani kugundua viumbe wapya ni kazi ya watu wenye helikopta msituni. Siku ile tulirudi shuleni kwa matatu tukinuka samaki, tukiwa na mawazo tofauti.

Tukaanza kusoma. Inakadiriwa kwamba ziwa letu limekuwa na spishi zipatazo 500 za fulu, na ajabu ni kwamba takriban miaka 15,000 iliyopita ziwa hili lilikuwa limekauka. Wote hao wamejitenga wakawa spishi mbalimbali tangu maji yarudi. Kisha katika miaka ya 1950 mbuta, yaani sangara, samaki mkubwa mla samaki wenzake, akaletwa ziwani, akatulia, na kufikia miaka ya 1980 akawa ameongezeka kupita kiasi, na fulu wa aina nyingi wakaadimika au wakatoweka. Wengine waliondoka kabla mtu yeyote hajawapa jina la kitaalamu. Wazee wanamlaani mbuta na wenye viwanda vya minofu wanamshukuru. Klabu yetu haina msimamo wa pamoja, maana karo ya baadhi yetu imelipwa na mbuta huyo huyo.

Kuna fulu wawili nitawataja kwa majina kwa sababu majina yao ni yetu. Mmoja anaitwa Pundamilia pundamilia, na mwenzake Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Dume wa kwanza ana ubluu, wa pili ana wekundu, na majike wao hufanana mno. Jike huchagua mume kwa kuangalia rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakitibuka, rangi hazionekani vizuri, na fulu wa spishi mbalimbali huanza kuzaana hadi tofauti zao zinafifia. Kwa hiyo spishi inaweza kupotea bila kuliwa na mtu wala mbuta, kwa sababu tu bibi harusi hakumwona vizuri bwana harusi. Anayetaka kuelewa zaidi asimame kwenye daraja la mto Nyando mvua kubwa ikishanyesha, atazame rangi ya maji yanayoelekea ziwani.

Kuhusu uainishaji wenyewe sitakuchosha, unaujua kutuzidi. Nitasema tu kwamba sisi tunaosoma Kiswahili hatukushangaa kukuta neno ngeli kati ya oda na faila, katika ngazi za kupanga viumbe. Tumezoea. Kiboko ana umbo la KI-VI lakini husemi "kiboko kimelala", unasema amelala, kwa sababu umbo la nje halitoshi kumpangia mtu ngeli. Kamongo, yule samaki mwenye mapafu, naye ana mwili wa samaki, anauzwa na samaki, anapikwa kama samaki, lakini ukifuata ukoo wake ana undugu wa karibu zaidi na mimi ninayesoma risala hii kuliko alio nao na mbuta. Nilipomwambia nyanya yangu hivyo aliniuliza karo analipia nini.

Sasa changamoto.

Tulirudi ziwani mara ya pili, safari hii Kendu Bay, tukapata fulu 17. Jumla 48. Tuliwahifadhi kwenye mitungi ya jemu ndani ya fomalini ya asilimia kumi aliyotutayarishia mwalimu, tukiwa tumevaa glavu. Nje ya kila mtungi tukabandika karatasi kwa selotepu: namba, mahali, tarehe, rangi. Tuliandika kwa biki. Mwalimu alitupigia picha za samaki kwa simu yake, lakini hakuna aliyekumbuka kuweka namba ndani ya picha. Muhula wa tatu ulipofika, maabara ikahitajika kwa mtihani wa KCSE, nasi wenyewe tukaihamisha mitungi hadi stoo iliyo nyuma ya jikoni. Paa la stoo lina tundu. Tulipofungua shule Januari tulikuta karatasi zimelala sakafuni kama majani ya mwembe, wino umeyeyuka, selotepu imejikunja. Samaki walikuwepo wote. Ila rangi zao zilikuwa zimekwisha, maana fomalini huondoa rangi, na wote 48 walifanana na majani ya chai yaliyochujwa. Nani ni wa Dunga? Nani wa Kendu Bay? Nani alikuwa mwekundu? Hakuna aliyejua. Samaki asiye na kwao hana ushahidi wa kutoa.

Kosa lilikuwa letu, na hatumlaumu mtu. Tangu hapo tumejifunza kwamba kuna utaratibu, na kila hatua yake ina sababu. Unapiga picha samaki akiwa mbichi, namba ikiwa kando yake. Unakata kipande kidogo cha pezi na kukiweka kwenye spiriti, kwa sababu fomalini huharibu vinasaba. Ndipo unamtia kwenye fomalini. Na karatasi inaingia ndani ya mtungi pamoja naye, imeandikwa kwa penseli. Penseli haiyeyuki. Mtu ametumia miaka kumi shuleni akiambiwa penseli ni ya watoto, kumbe.

Katika mitungi yote 48, mmoja ulinusurika. Ni namba 14. Mwanachama wetu wa kidato cha pili biki yake ilikuwa imekwisha siku ile, akaandika kwa penseli, na kwa kuwa selotepu pia ilikuwa imekwisha, akaitumbukiza karatasi ndani. Tulimcheka. Leo ndiye mtunza sampuli wa klabu.

Daktari, ndipo tukakutana na habari ya Simbakubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wachimbaji wa visukuku pale Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya hii hii, walipata mifupa ya mnyama mla nyama mwenye meno ya kutisha, aliyeishi takriban miaka milioni 22 iliyopita. Mifupa ikapelekwa Makavazi ya Kitaifa Nairobi, ikawekwa kwenye droo, na ikakaa humo miongo kadhaa. Mwaka 2019 Matthew Borths na Nancy Stevens wakaitangaza kuwa ni ya jenasi mpya na spishi mpya: Simbakubwa kutokaafrika. Ndivyo linavyoandikwa, neno la pili limeunganishwa. Mwalimu wetu wa Kiswahili aliliona na kutoa kalamu nyekundu, kwamba ni simba mkubwa na si simba kubwa, na kwamba "kutoka Afrika" ni maneno mawili. Tukamweleza kwamba kanuni za majina ya wanyama hazibadilishi jina kwa sababu sarufi yake imemkera mtu. Isitoshe, mnyama mwenyewe si simba. Ni wa kundi jingine la wala nyama lililokwisha kutoweka. Mwalimu akarudisha kalamu mfukoni, lakini hakuridhika.

Kilichotugusa sisi ni ile droo. Mifupa ilimsubiri mtu wa kuitambua, na alipotokea, taarifa za mahali ilikotoka zilikuwepo. Angekuta mifupa bila taarifa, angekuwa na meno makubwa tu. Kwa wanyama, tangu mwaka 2000, spishi mpya haikubaliki mpaka mwandishi ataje wazi sampuli inayobeba jina, ambayo kwa kawaida ni moja tu na huitwa holotaipu. Akitokea mtu kesho kubisha, anaelekezwa kwenye droo: nenda kaitazame. Kwa bakteria masharti ni makali zaidi. Lazima uwakuze wakiwa hai na kuwaweka katika hifadhi mbili zilizo katika nchi mbili tofauti, ndipo jina lao lihesabiwe halali. Wengi hawakubali kukuzwa kwenye chupa za maabara, basi majina yao hubaki ya muda.

Hata hivyo kiumbe asiyeonekana kwa macho anaweza kuleta habari kubwa kabla hajamaliza mambo ya jina. Mwaka 2020 Jeremy Herren na wenzake wa icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu aliyoiasisi Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970 na yenye kituo pale Mbita, walieleza kiumbe wa jamii iliyo karibu na kuvu anayeishi ndani ya mbu wa malaria wa Kenya, wakiwemo mbu wa ukanda wetu huu wa ziwa. Walimtambua kwa kusoma vinasaba, wakamwita Microsporidia MB. Mbu mwenye kiumbe huyo hakupatikana na vimelea vya malaria, na mbu mama humrithisha wanawe. Nadhani hakuna mtu katika hema hili ambaye hajawahi kulazwa au kumlaza mtu kwa malaria. Wazazi wetu walimeza chloroquine na Fansidar, sisi tukameza dawa zilizofuata, na kumbe ndani ya mbu mwenyewe alikuwamo mpangaji asiyemtaka kimelea.

Sasa maombi, na nitasema kweli: yalileta ugomvi. Wanachama 19 walitaka tuombe basi la kutupeleka Nairobi kuona makavazi. Wanachama 23 walitaka kabati. Kura zilihesabiwa mara mbili. Tunaomba, Daktari, kabati moja la mbao lenye milango na kufuli, la kuwekwa ndani ya maabara mahali pasipofikiwa na sinki la kona. Fundi wa jua kali kule Kibuye amekuja kupima na atatupa bei yake leo jioni. Pamoja nalo tunaomba mitungi ya kioo yenye vifuniko visivyovuja, spiriti lita 20, na boksi moja la penseli. Hadubini tunazo tatu na moja inafanya kazi. Mwaka huu itatutosha. Wale 19 wameniomba niseme kwamba basi pia halitakataliwa.

Kwenye meza iliyo mbele yako kuna mtungi wenye kifuniko cha rangi ya chungwa. Huo ndio namba 14. Ukiuinua juani utaisoma karatasi kupitia kioo: Dunga, kwenye mawe, dume, ubavu mwekundu, mistari hafifu. Tumekwisha kuhesabu miiba ya pezi la mgongo na magamba ya ubavuni, na tumeandika hesabu zetu kwenye daftari lililo chini ya mtungi. Huenda wewe ukimtazama mara moja tu utamjua ni nani. Tafadhali usituambie leo. Tupe hadi mwisho wa muhula tumtafute wenyewe, kisha tukuandikie, nawe utuambie kama tumekosea.

Asante kwa kutusikiliza. Mwalimu, nimebakisha dakika moja.